Kwa Nini Siku ya Kwanza Tunakulipisha Bila Kukunyanyulisha Chuma

Wiki hii tena mteja wa mazoezi yetu ya kujenga misuli ametuambia tumemwibia, eti kipindi cha kwanza "alikaa na kusimama tu". Ni kweli. Tulimwambia akunje mikono kifuani, ainuke kitini mara 5, nasi tukashika saa. Akatumia sekunde 17. Zikizidi 15 miguu imeshapungua nguvu, hata mtu awe na mwili wa kujaza mlango. Hicho ndicho alicholipia. Bila kipimo cha kuanzia nitampa uzito gani, na yeye atajuaje kama namdanganya?

Misuli huanza kupungua kimyakimya kuanzia miaka ya 30 na kitu, na baada ya 60 inakimbia. Mara nyingine huondoka kwa mafungu: upasuaji, mguu uliofungwa plasta, siku 10 tu za kulala kitandani. Kijana hurudisha. Mzee asiposaidiwa, mara nyingi habaki kama alivyokuwa.

Sasa njia ya mkato. Mama mmoja alituacha baada ya vipindi 4, akaona ni nafuu kula mlo mmoja kwa siku na kutembea jioni. Miezi minne baadaye akarudi kutuonyesha: kilo 11 zimeondoka! Nikamsogezea kiti kilekile. Alishindwa kuinuka bila kujisukuma kwa mikono. Mizani haijui mafuta wala misuli, inahesabu kilo tu. Tulianza naye chini ya pale tulipomwachia, na jumla ya vipindi alivyolipa ilizidi ile aliyoikimbia.

Kutembea ni kuzuri kwa moyo, sikatai. Msuli, lakini, unataka mzigo, na mzigo uongezwe kidogo kidogo, angalau mara mbili kwa wiki. Poda ya protini nayo (kila wiki naulizwa) haimjengi anayeshinda kwenye kochi. Mzee wa kilo 60 anahitaji kama gramu 60 hadi 72 za protini kwa siku, na chakula cha kawaida kinaweza kuzifikisha. Mwenye matatizo ya figo amuone daktari kwanza.

Bei yetu iko juu kwa sababu mkufunzi mmoja anashika watu 3, si 20. Mzee wa miaka 81 akiyumba na dambeli mkononi, nataka mtu awe karibu naye.

Kipimo hurudiwa wiki ya 8, bila malipo. Mteja wa sekunde 17 bado ana vipindi 7 kwenye daftari letu. Kiti kipo.