Risala ya Klabu ya Kiingereza kwa Mgeni Rasmi, Wete, Pemba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wazee wetu na wanafunzi wenzetu, Assalamu alaykum.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tukiwa wazima. Karibu sana skulini kwetu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Kiingereza cha kusema tunajikongoja. Cha kuandika ndicho kinachotuangusha. Baiolojia, Jiografia na Historia zote hujibiwa kwa Kiingereza katika mtihani wa kidato cha nne, na anayelijua jibu akashindwa kuliandika huhesabiwa hajui. Madarasa yamejaa. Mwalimu hawezi kusahihisha insha ya kila mmoja kila wiki, wala hatumlaumu.

Ndipo tulipoanza kutumia programu za akili mnemba, kama ChatGPT iliyotoka mwaka 2022. Insha huandikwa kwanza kwa kalamu, kisha huchapwa kwenye kompyuta, na programu huombwa ionyeshe makosa na ieleze sababu, basi. Kusahihisha ni kazi ya mwenye insha, daftarini mwake, na kauli ya mwisho ni ya mwalimu, kwani programu hizi nazo hukosea, tena kwa kujiamini.

Mwenzetu mmoja aliandika habari za bibi yake na karafuu. Kila alipomtaja bibi aliweka "he", maana "yeye" yetu haibagui mke na mume. Programu ikamwonyesha, na insha iliyofuata hakurudia. Siku nyengine akaiachia iandike yote. Kiingereza kilitoka kizuri mno, lakini bibi hayumo: hamna mkeka, hamna makonyo yanayochambuliwa usiku kwa taa, hamna mvua iliyozikuta karafuu uwanjani. Tangu hapo tumekatazana kuandikiwa. Na chumba cha mtihani hakiingii simu.

Mheshimiwa, kompyuta zetu ni chache na nyengine mbovu. Intaneti ni bando la simu ya mwalimu, analolinunua kwa pesa zake, na hili linatuumiza. Tunaomba kompyuta na intaneti ya skuli. Zaidi ya yote, tunaomba walimu wetu wapatiwe mafunzo ya programu hizi, wa skuli za Micheweni na Mkoani pia, maana wenzetu wengi wanazitumia majumbani peke yao, bila ya mtu wa kuwaongoza.

Tunaomba kuwasilisha. Ahsante.