Mwanangu, usiuze kwa bei ya mgeni

Mwanangu mpenzi,

Nimeona heri nikuandikie, maana kwenye simu tunakatizana. Wewe unasema bakuli, mimi nasema mbao, mjukuu wangu naye analia, tunaagana kabla neno halijafika. Huku hatujambo. Mama yako anauliza kama yale mapazia yametosha madirisha ya huko au anahitaji kuongeza kitambaa. Mjibu yeye, usinitume mimi.

Nianze na yale mabakuli matatu yaliyopasuka, kwa kuwa ndiyo yanayokunyima usingizi. Mkono wako haukukosea. Nimezitazama picha ulizotuma, nikazikuza mpaka macho yakaniuma: ufa umeanzia kwenye ncha, pale nyuzi za mti zinapokatika, ukapanda kufuata kiini. Huo si ufa wa patasi. Mbao zile zilikauka hapa bandani kwetu, ambako hewa ina unyevu mwaka mzima, zikauzoea. Ukazipeleka kwenye nyumba yenye hewa kavu, na wiki ya pili tu ukazichonga. Zikaanza kukauka upya zikiwa zimeshakuwa bakuli. Mti hauna habari kwamba umeshauzwa.

Nilikwambia zamani kwamba ubao wa unene wa milimita 25 unahitaji karibu mwaka mzima kukauka kwa hewa tu. Nilichosahau kukwambia ni kwamba ukavu wenyewe ni wa mahali. Mbao iliyo kavu kwangu kwako bado ni mbichi. Basi chukua mizani ndogo, pima kila kipande ulichonacho, andika uzito na tarehe juu yake kwa penseli. Rudia kila baada ya siku 4 au 5. Uzito ukigoma kushuka mara 3 mfululizo, kipande hicho kimeshakuwa mwenyeji, kichonge. Kabla ya hapo usikiguse hata mteja akulilie.

Ukipata gogo bichi huko huko, ndiyo nafuu zaidi, kwa sababu litakauka likiwa mikononi mwako. Lipasue na utoe kiini chote, maana bakuli likiwa na kiini ndani litapasuka tu. Chonga umbo la awali likiwa bado bichi na uache kingo nene, kama sehemu moja ya kumi ya upana: bakuli la milimita 200, kingo ziwe milimita 20. Zipake nta sehemu zote ambako nyuzi zimekatika, kwa kuwa maji hutokea huko upesi kuliko ubavuni, mara 10 au zaidi. Kisha lifukie kwenye mfuko wa karatasi pamoja na maranda yake yenyewe, halafu lisahau humo mpaka likauke. Litarudi limepinda kidogo, mviringo umekuwa kama yai, kwa sababu mti husinyaa zaidi kwa kuzunguka kuliko kuelekea kiini, na kwa urefu hausinyai karibu kabisa. Ndiyo maana uliacha nene. Hapo sasa unamalizia.

Kwa wale wateja watatu ambao mabakuli yao yalipasuka: warudishie bakuli jipya au pesa, wachague wenyewe. Umeniambia utawapa vyote viwili. Hapo ndipo nilipoanza kuandika barua hii.

Nakujua, mama. Umefika mtaa usio na mtu anayekujua, na kazi ya mikono ndiyo iliyokufungulia milango ya watu. Jirani wa kwanza kakusifia mwiko, wa pili kaomba bakuli, umefurahi, ukataja bei inayofanana na asante. Mimi nilifanya hivyo hivyo tulipohamia nyumba hii, wewe ukiwa tumboni. Niliwatengenezea majirani vigoda kwa bei ya "toa unachoona". Walitoa walichoona. Miaka miwili baadaye, nilipotaja bei ya kweli, mmoja aliniambia nimeshaota mapembe. Hakuwa mtu mbaya. Bei niliyomfundisha mimi ndiyo aliyoijua. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe umelidai jembe siku ya kwanza, na unalima bure.

Ukitaka kumpa jirani zawadi, mpe. Mpe mwiko, uufunge vizuri, mwambie ni zawadi. Ataukumbuka. Lakini ukimuuzia, muuzie.

Na hesabu zako hazijakaa sawa. Unasema bakuli moja ni saa 4. Nimekaa na kalamu nikahesabu kwa haki: kutafuta na kupasua gogo, kuchonga mara mbili, msasa, mafuta, kupiga picha, kujibu ujumbe wa watu wanaouliza na wasinunue, kufunga na kupeleka. Imenifikia saa 6 na nusu. Juu yake weka msasa unaokwisha, patasi zinazohitaji kunolewa, na bakuli moja katika kila kumi litakaloharibika, maana litaharibika. Gharama ya hilo la kumi igawanywe kwenye yale tisa, isitoke mfukoni mwa mume wako.

Sasa huyu mwenye duka anayetaka mabakuli 24 kwa mali kauli. Sikukatazi. Lakini mali kauli maana yake wewe ndiye unayemkopesha, na mkopeshaji ndiye anayeweka masharti. Mpe 6, si 24. Muandikiane: kila kipande na bei yake, fungu lake ni kiasi gani, atalipa tarehe ipi ya mwezi, na kikivunjika au kikiibwa dukani ni hasara ya nani. Ukisema asilimia 40 ni yake, basi bei ya dukani ipangwe kwanza na 60 inayobaki ikulipe zile saa 6 na nusu. Isipokulipa, bakuli hilo si la kuuzwa dukani. Peleka miiko, ambayo haili muda. Tena usiuze mwenyewe nyumbani kwa bei iliyo chini ya ile ya dukani kwake. Atagundua, na atakuwa na haki ya kukasirika. Anayetaka jina lichongwe alete arbuni, nusu, kabla hujashika patasi. Bakuli lenye jina la mtu mwingine utamuuzia nani?

Kuhusu nyumba yenyewe nina mambo mawili tu, na hili la kwanza nakuomba ulisome mara mbili. Matambara unayopakia mafuta ya kitani usiyakunje ukayatupa kwenye kona au kwenye ndoo ya taka. Mafuta yale yakikauka hutoa joto, na tambara likiwa limekunjwa joto halina pa kutokea, linaweza kuwaka lenyewe bila kiberiti. Hapa kwetu nilikuwa nayaanika uani, hukuwahi kuona hatari yake. Huko hamna uani. Yatandaze moja moja nje dirishani mpaka yawe makavu yamekakamaa, au yazamishe kwenye maji ndani ya kopo la bati lenye kifuniko.

La pili, vumbi la msasa. Lile laini zaidi, lisiloonekana, ndilo linaloingia kifuani, na vumbi la mbao limo kwenye orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Usipige msasa chumba anacholala mtoto, hata ukifagia baadaye. Ukiweza, piga msasa wa maji, au malizia kwa kisu kikali usihitaji msasa kabisa. Bakuli lenye alama za kisu lina wapenzi wake, tena hulipa vizuri. Na usome mkataba wa pango kabla jirani wa chini hajaanza kuhesabu nyundo zako: wapo wenye nyumba wanaokataza biashara ndani, na ni heri umuombe ruhusa mwenyewe kuliko aletewe habari.

Meza ya kazi iweke penye dirisha hilo kubwa la sebuleni, hata kama kochi litahama. Mwanga wa pembeni ndio unaoonyesha mikwaruzo, na ndio utakaokupigia picha nzuri bila taa. Weka mkono wako kwenye picha, watu waone ukubwa.

Nakutumia ile tezo yako ndogo uliyoiacha nyuma ya mlango. Mpini wa zamani ulikuwa umelegea, nimekuwekea mwingine. Usiitumie ikifika. Iache wiki mbili karibu na meza, halafu ugonge uone kama kichwa kinacheza. Kikicheza, weka kabari, niliyochonga ipo ndani ya bahasha hii.

Baba yako