Hoteli za kapsuli zingewafaa abiria wa Mbezi

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili nitoe pendekezo kwa wenye nyumba za wageni jijini Dar es Salaam, hasa walio jirani na Kituo cha Mabasi cha Magufuli, Mbezi Luis.

Nchini Japani, ambako hufika kwa biashara ya magari yaliyotumika, zipo hoteli za kapsuli, ambamo mgeni hakodi chumba bali kijumba cha kulala chenye urefu wa mita mbili hivi, na upana na kimo cha mita moja na ushei, vijumba vyenyewe vikiwa vimepangwa kimoja juu ya kingine. Ya kwanza ilifunguliwa Osaka mwaka 1979 kwa usanifu wa Kisho Kurokawa, na ikawafaa sana wafanyakazi wa maofisini waliokosa treni ya mwisho.

Kulala humo si mateso kama wengi wanavyodhani. Nilikolala mimi, kichwani palikuwa na swichi ya taa, saa ya kengele na tundu la kuingizia hewa, na mahali pa mlango palikuwa na pazia la kushusha, bila kitasa wala kufuli. Usalama na utulivu vinatokana na utaratibu: viatu huvuliwa mlangoni na kufungiwa, na ufunguo wake ukabaki mapokezi hadi asubuhi, mizigo huwekwa kabatini, bafu ni la pamoja, wanawake hutengewa sehemu yao, na hakuna anayeongea na simu akiwa kitandani. (Kwa wanaokoroma, hata Wajapani hawajapata dawa zaidi ya vizibo vya masikio.)

Tangu mabasi ya mikoani yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023, wapo abiria wanaoshuka Mbezi saa nane au saa tisa za usiku. Kulipia chumba kizima cha gesti kwa saa tatu ni hasara, na kupanda bodaboda hadi Mbagala muda huo kunatia wasiwasi, hivyo mtu huona heri ajikunyate kwenye kiti, kamba ya begi ameizungusha mkononi, akisubiri kupambazuke.

Hata hivyo, atakayejenga asinakili kijumba peke yake. Mfanyakazi wa Osaka huja na mkoba wa kwapani. Abiria wetu wa Kigoma anashuka na dumu la mawese, kiroba cha mchele na pengine jogoo aliyefungwa miguu, ambao hakuna kabati litakalowapokea. Stoo ya mizigo yenye stakabadhi ni lazima, na jogoo atafutiwe banda nje. Aidha, kwa joto la Februari kijumba kisicho na kiyoyozi na jenereta ya akiba kitageuka tanuri, na kwa wingi wa watu chini ya paa moja, Zimamoto wakague milango ya dharura kabla ya kitanda cha kwanza kukodishwa.

Malipo nayo yawe kwa saa. Najua malipo ya namna hiyo yamezipaka matope gesti nyingi mitaani, lakini kijumba hiki kinamtosha mtu mmoja tu, tena kwa kujibana.

Msomaji wako,
Kinondoni, Dar es Salaam