Risala ya Vijana Waongoza Wageni wa Mji wa Kale, Mombasa, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wazee wetu wa mtaa, walimu wetu, wazazi, mabibi na mabwana, assalaam aleikum na hamjambo nyote.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kutufikisha siku hii ya kumaliza mafunzo, na tunakushukuru wewe kwa kuacha shughuli zako ukaja kutukabidhi vyeti. Habari za Fort Jesus umezisikia mara nyingi. Leo tumeona tukusomee habari za jengo ambalo wengi wetu tumepita mbele yake tangu utotoni bila kuingia: hekalu la Wajaini, wafuasi wa dini ya kale ya India, la barabara ya Langoni.

Mheshimiwa, kisa chake kinaanzia shambani. Mwaka 1899 ukame mkali ulipiga magharibi ya India ukaendelea hadi 1900. Halar, nchi inayouzunguka mji wa Jamnagar huko Gujarat, wakulima walikosa mavuno na mifugo ikafa. Baadhi ya watu wa jamii ya Oshwal, ambao wengi wao ni Wajaini, wakapanda majahazi, wakafuata kaskazi mpaka pwani hii. Wakati huo reli ya kwenda Ziwa Victoria ilikuwa bado inajengwa, na penye reli hapakosi duka. Watu wa jembe wakajifunza mizani.

Hekalu lenyewe lilifunguliwa mwaka 1963, na huhesabiwa kuwa la kwanza la Kijaini lenye mnara wa kuchongwa kujengwa nje ya India. Tunaomba tutue kidogo hapa. Mwaka uleule, tarehe 12 Desemba, Kenya ilipata uhuru. Familia nyingi zenye asili ya India zilikuwa zikijiuliza zibaki au ziondoke, na hawa walikuwa wakisimamisha marumaru. Sisi tunaamini mtu hasimamishi jiwe zito namna ile mahali anapofunga mizigo.

Ukitazama kwa nje, jambo la kwanza ni mnara, ambao wenyewe huuita shikhara. Huinuka ukipungua mithili ya kilima, na juu yake hupepea bendera. Chini yake hasa ndipo kilipo chumba cha sanamu kuu, na mbele ya chumba ni ukumbi wa kusalia. Mpangilio huu una ukoo mrefu. Katika Mlima Abu, Rajasthan, waziri Vimal Shah alijenga hekalu la kwanza la Dilwara mwaka 1031. Ranakpur, katika karne ya 15, likainuliwa hekalu linalosemwa kuwa na nguzo 1,444, wala hakuna mbili zenye nakshi moja. Mafundi wa Dilwara walipanga duara la mawe juu ya duara, kila moja likijitokeza ndani kidogo kuliko lililo chini yake, hadi kuba likajifunga lenyewe bila tao. Sisi tuliokulia penye milango ya nakshi, mingine ya mtindo wa Kigujarati, hatuoni ugeni katika mkono wa aina hiyo.

Ndani ndiko tulikokaa zaidi. Sanamu zimo katika vidaka, na kila kidaka kina mfereji wake mdogo wa kutolea maji, kwa sababu sanamu huoshwa. Anayeosha hujifunga kitambaa mdomoni ili pumzi yake isiiguse. Tulimwona bibi mmoja akimwaga mchele juu ya meza ndogo ya mbao, akaupanga kwa kidole: msalaba wenye mikono iliyopinda, juu yake vitone vitatu, juu kabisa mwezi mwandamo na kitone kimoja. Mikono minne ni hali nne ambazo roho huzaliwa ndani yake. Vitone ni imani sahihi, elimu sahihi na mwenendo sahihi. Ule mwezi ni makao ya waliokwisha kuwa huru. Wageni wa Ulaya hushtuka wakiiona alama hiyo, nasi sasa tunaweza kuwaeleza kwamba Wajaini walikuwa nayo karne nyingi kabla Wajerumani wa Hitler hawajaichukua.

Hekalu hili lina jina la Parshva, wa 23 kati ya Matirthankara 24, yaani walimu wakuu wa dini hiyo. Neno Tirthankara maana yake ni mwenye kuweka kivuko. Mheshimiwa, sisi ni watu wa kisiwani. Kivuko cha Likoni tunakijua asubuhi na jioni. Hatukuhitaji kufafanuliwa mara mbili.

Kuna methali tumekua nayo, ile ya Baniani na kiatu chake. Pale mlangoni viatu huvuliwa, na kitu chochote cha ngozi hakiingii, maana kwao kutodhuru kiumbe ndiyo dini yenyewe. Tuliposimama peku juu ya marumaru baridi, tulikubaliana kwamba methali ile hatutaitumia mbele ya mgeni wala nyuma yake.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tuna maombi mawili. Kwanza, haya yote tumeyabeba kichwani. Hatuna kijitabu cha Kiswahili cha kumpa mwanafunzi au mgeni kutoka bara. Tunaomba utusaidie kukichapisha, tukishauriana na wenye hekalu, maana wao ndio wenye neno la mwisho kuhusu nyumba yao. Pili, shule za kisiwani huleta watoto Fort Jesus kila mwaka, kisha basi hugeuza. Tunaomba utusemee, ratiba iongezwe saa moja ya kutembea kwa miguu hadi Langoni, kwa idhini ya hekalu.

Baada ya vyeti, ukiridhia, tutafurahi utembee nasi hadi pale. Tutatangulia kukuonyesha mahali pa kuacha viatu.

Tunaomba kuwasilisha.