Hamira za tembo la mnazi nazo zichunguzwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie hamira, kiumbe cha seli moja ambacho wengi wetu hapa Tanga tunakifahamu kwa maandazi na vitumbua tu. Kabla ya hamira za pakiti kuenea madukani, bibi zetu waliumua unga kwa tembo la mnazi, kwa kuwa hamira zilizomo hula sukari ya tembo na kutoa hewa ya kaboni pamoja na kileo (mpishi huitaka ile ya kwanza, mlevi hiki cha pili).

Wanasayansi wa kwingineko wamekwenda mbali zaidi. Mwaka 1996 ilitangazwa jenomu nzima (jumla ya maelezo ya urithi yaliyomo ndani ya seli) ya hamira ya mkate, yenye jeni zipatazo 6,000, na mwaka 2016 Yoshinori Ohsumi wa Japani alipewa Tuzo ya Nobel kwa kuchunguza, ndani ya hamira, jinsi seli inavyomeng'enya sehemu zake chakavu na kuzitumia upya. Hata chanjo ya homa ya ini aina ya B hutengenezwa kwa hamira iliyopandikizwa jeni ya kirusi kinachosababisha ugonjwa huo.

Nashangaa, basi, kuona tembo likijadiliwa kama suala la ulevi peke yake. Vyuo vyetu viwafuate wagema wa Pangani na Muheza, vizitenge hamira za vibuyuni mwao na kuzihifadhi, na mgema atambuliwe kuwa mwenye ujuzi wake, si mtoa sampuli tu.

Msomaji wako,
Ngamiani, Tanga