Rehema, fremu ya Sinza isubiri

Buguruni, Dar es Salaam
12 Mei

Shoga yangu Rehema,

Hujambo wewe na watoto? Ile sauti yako ya dakika tisa nimeisikiliza yote, na picha za daftari nimezikuza hadi macho yakauma. Nimeona heri nikuandikie, maana hesabu haisikilizwi, hutazamwa. Soma ukiwa na kalamu.

Unataka kukopa milioni tatu, uchukue fremu ya duka Sinza, uchapishe vipeperushi elfu moja, na siagi yako ya karanga iingie maduka 30. Mimi nitaanza na kopo moja, kwa sababu humo ndimo shida ilimojificha.

Umeandika kwamba kopo la gramu 400 linakugharimu 2,100. Njia uliyopita naiona: karanga kilo 50 kwa 4,000 ni 200,000, ukagawa kwa gramu 400 ukapata makopo 125, kila moja karanga za 1,600, ukaongeza kopo tupu la 500. Sasa fungua ukurasa wa pili wa daftari lako hilohilo. Mara ya mwisho yalitoka makopo 105. Karanga ghafi zina maji, zina maganda, zina mbovu za kuchambua, na siagi nyingine hubaki imeng'ang'ania kwenye mashine. Hiyo si hasara ya bahati mbaya, itatokea kila mara. Na zile zilizokunjamana au zenye ukungu usizionee huruma ukasema "si nyingi": sumukuvu, ile sumu inayoletwa na ukungu, haiondoki kwa kukaanga.

Basi gawa kwa 105. Karanga 200,000. Makopo matupu 52,500. Lebo za 150 kila moja, 15,750. Chumvi na sukari 3,000. Kusagisha 13,000. Gesi 10,000. Bajaji ya kutoa mzigo Kariakoo 10,000. Wasichana wawili wa kuchambua na kupaki, 10,000 kila mmoja kwa siku. Na wewe mwenyewe 20,000. Ndiyo, jilipe, la sivyo biashara inaishi kwa jasho lako la bure na siku ukiumwa inalala. Jumla 344,250. Kopo moja linakugharimu kama 3,280.

Dukani unapeleka kwa 3,500. Ulidhani unapata 1,400 kila kopo. Unapata 220. Maana yake ni kwamba kopo moja ambalo Mangi mwenye duka hakulilipa, au lililovuja kwenye bodaboda, linakula faida ya makopo 15 yaliyouzwa vizuri. Hapo ndipo pesa zako zinapopotelea. Husuda unayoilalamikia haimo, shoga yangu.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni bei. Peleka dukani kwa 3,900, mteja anunue kwa 5,000. Mwenye duka alikuwa anapata 1,000, sasa atapata 1,100, mwambie hivyohivyo kabla hajalalamika. Wewe unabaki na 620. Usipandishe kimyakimya. Pandisha siku unayoleta kopo lenye kifuniko cha kufunga vizuri na lebo mpya, mteja aone kimebadilika kitu. Usifanye hivyo Januari, wazazi wako kwenye ada. Na usijaribu ule ujanja wa kuacha kopo lilelile na kujaza gramu 350 huku lebo inasema 400. Wakala wa Vipimo wakikukuta ni kosa kisheria, na akina mama wa Tabata wakikushtukia ni mbaya zaidi.

Sasa fremu. Umesema kodi ni 250,000 kwa mwezi, mwenye nyumba anataka ya miezi sita, na dalali naye anataka mwezi wake. Hiyo ni 1,750,000 kabla hujanunua hata shelfu. Weka na muuzaji wa 150,000, kila mwezi unadaiwa 400,000. Hata ukiuza mwenyewe kwa 5,000, unabaki na 1,720 kwa kopo, kwa hiyo unahitaji kuuza makopo 233 ndipo urudi sifuri. Wewe unatengeneza mara mbili kwa mwezi, makopo 210. Ukiuza kila ulichonacho, fremu bado inakudai. Siagi ya karanga si nguo, mtu hafungi safari kwenda Sinza kuinunua, huichukua pale anaponunua mkate.

Maduka 30 nayo yaache. Ukipeleka makopo 12 kila duka kwa mali kauli, yaani walipe wakishauza, ni makopo 360, karibu milioni 1.2 ya gharama yako imelala kwenye shelfu za watu, na bado unatakiwa kununua karanga za mzigo unaofuata. Biashara nyingi ndogo hufia hapo, zikiwa na wateja, hazina pesa. Chukua maduka 10. Makopo 6 kila moja, ni kama 197,000 tu zilizolala. Sheria iwe moja: mzigo mpya unashuka ukishalipwa wa zamani. Ukikuta yameuzwa manne, anakulipa manne, unamwongezea manne. Andika kwenye daftari la risiti lenye nakala, yeye asaini, wewe ubaki na yako. Duka likiuza makopo 5 kwa wiki, maduka 10 yamekumalizia karibu kila unachotengeneza. Hukuhitaji 30.

Na yawe kwenye njia moja. Wewe uko Tabata, basi anzia Bima, pita Segerea, ishia Kinyerezi, siku moja, bajaji moja. Duka moja la Mbagala na jingine la Tegeta yanakupa sifa ya kuwa "uko kila mahali", lakini nauli ya kwenda kukusanya 15,600 za makopo manne unaijua mwenyewe. Lisilofikisha makopo matatu kwa wiki, baada ya kuonjesha mara mbili, toa mzigo wako kwa heshima ujaribu la jirani.

Ndani ya duka, pigania nafasi ya pembeni ya mkate. Siagi ikiwekwa juu karibu na dawa za mbu, hata mwenye duka atasahau kama anayo.

Kuonjesha ndiyo matangazo yako, vipeperushi achana navyo. Mkate wa slesi 20 ukikata kila slesi robo, unapata vipande 80. Pakaza gramu 5 kila kipande, yaani kijiko cha chai kisichojaa, na kopo moja linatosha vyote 80. Meza ndogo, kitambaa cheupe, vijiti vya meno, chombo cha taka, na mtu aliyevaa glavu. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa 4 asubuhi hadi saa 7 mchana, mbele ya duka linalouza mkate na maziwa. Kaa kivulini. Jua likipiga makopo, mafuta yanapanda juu na mteja anadhani imeharibika, kwa hiyo lebo iseme wazi "Koroga kabla ya kutumia". Kabla ya kumpa mtoto kipande, muulize mama yake kama karanga hazimdhuru.

La muhimu kuliko yote: mteja akipenda, usimuuzie wewe mezani. Mwambie aingie ndani alipe kwa Mangi. Mwenye duka akiona kwa macho yake makopo sita yote yameondoka asubuhi moja, wiki ijayo ataiweka siagi yako mahali pazuri bila kuombwa. Hesabu yenu mfunge mchana huohuo.

Simu nayo. Fungua WhatsApp Business kwa namba ya biashara peke yake, na Lipa Namba ya biashara, isichanganyike na pesa ya mboga. Orodha ya kutuma ujumbe wa pamoja inachukua watu 256, na ujumbe unamfikia yule tu aliyehifadhi namba yako, kwa hiyo mteja anapolipa mwombe aisevu palepale. Kila mteja andika tarehe aliyonunua. Nyumba yenye watoto wawili humaliza kopo kwa wiki mbili tatu, basi siku ya 18 mkumbushe. Bei iandike. Hii "bei njoo inbox" inafukuza watu, sijui nani aliileta mjini. Na kila mteja mpya muulize amekujuaje, weka alama kwenye daftari: duka, kuonja, rafiki, simu. Baada ya mwezi utajua pa kuweka nguvu.

Supamaketi usigonge kwanza. Watakuuliza alama ya TBS, Shirika la Viwango, na msimbopau (barcode), ule wa Tanzania unaoanza na 620. Anza SIDO, shirika la viwanda vidogo, pale Vingunguti upate barua ya utambulisho kwenda TBS, wajasiriamali wadogo wana unafuu wa gharama kwa njia hiyo. Wakaguzi watataka chumba cha kazi kisichokuwa jiko la nyumbani, vipimo vya afya vya wanaopaki, na lebo yenye viambato, uzito, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, namba ya toleo na anuani yako. Lebo ya karatasi haifai, mafuta yanailoweka. Tafuta ya plastiki.

Pesa: hiyo milioni tatu usiikope kausha damu, wale wa mikopo ya riba kubwa, hata kama wanakupa leo leo. Faida ya 620 hailipi riba yao. Una wenzako wa kikundi, na mkifika watano nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, muulizie mkopo wa halmashauri usio na riba, ule unaotoka kwenye asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, ambapo 4 ni za wanawake. Unachukua muda, lakini wewe leo unahitaji kama laki saba tu, mizigo miwili ya kutengeneza. Na mtaji usiutie kwenye kijumbe, mchezo wa kupokezana pesa, zamu yako haitaingia siku karanga zikishuka bei.

Maonesho ya Sabasaba umeuliza. Kwa kawaida huanza Juni 28 hadi Julai 13, na bila alama ya TBS utaonjesha umati mzima bila kupata hata duka moja la kueleweka. Mwaka huu ingia kama mgeni, zunguka mabanda ya siagi, soma lebo zao, uliza bei ya jumla.

Kesho asubuhi kabla hujafungua mfuko wa karanga, pima, na baada ya kuchambua pima tena, na baada ya kukaanga, na baada ya kusaga. Nitumie hizo namba nne, nione kama 105 ni kawaida yako au mashine ya yule kijana inakula zaidi ya haki yake.

Wasalimie nyumbani.

Shoga yako,
Zuhura