Shukrani kwa mama wa muhogo wa nazi

Mama yangu, jina lako sikuuliza, na hilo linaniuma hadi leo.

Ilikuwa Ramadhani. Basi letu la Tanga liliharibika kabla hatujafika Segera, magharibi inaingia, nami nina nusu chupa ya maji tu. Ukafungua hotpoti yako, ukaniita: "Njoo mwanangu, futari haimsubiri fundi." Nikajibu eti nimeshiba. Nani ameshiba saa ile ya Ramadhani? Ukacheka, ukanitia tende tatu mkononi.

Tulikula wanne kando ya lami, juu ya kanga yako, pamoja na kondakta ambaye hata hakufunga (na ndiye aliyekula kutushinda sote). Muhogo ulishapoa, tui limegandia pembeni, lakini sijaonja tena mtamu kama ule. Kipande kikubwa cha samaki ulinisogezea mimi, ukadai wewe samaki humpendi. Mtu wa Tanga asiyependa samaki!

Ulishuka Muheza usiku, nami nimelala. Ahsante sana, mama. Kifuniko cha hotpoti kilibaki chini ya kiti, ninacho, nimekiosha.